Barua ya wazi: Vita vya Kagera vifundishwe vyote, hata pale panapouma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania,
na Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Kagera. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloomba linawagusa pia wazazi, walimu wenzangu na wazee waliopigana. Ombi lenyewe ni moja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vifundishwe vyote, pamoja na sehemu zake ambazo mpaka leo watu wazima wanabishania, na mwanafunzi apewe ushahidi aupime mwenyewe, asipewe hukumu ya kukariri.

Wanafunzi wanapofika kidato cha tano huwa wameshika sentensi tatu. Nduli Idi Amin alituvamia. Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tukampiga, tukashinda. Zote tatu ni kweli na sitaki mtoto yeyote anyang'anywe hata moja. Shida huanza pale linapokuja swali la nne. "Mwalimu, kama tulikuwa tunamtoa kwetu, mbona tulifika mpaka Kampala?" Swali hilo huulizwa karibu kila mwaka, na mara nyingi anayeuliza si yule anayeongoza darasa. Wanaotoka Missenyi, wilaya ya mpakani, wana maswali mengine kabisa, maana bibi na babu zao walikuwepo: ng'ombe walikwenda wapi, nani alilipwa fidia, kwa nini shangazi hajulikani alikozikwa. Kitabu hakina pa kuyaweka maswali hayo, na mwalimu mwenye vipindi vichache na silabasi ndefu huishia kusema, "Tusonge mbele."

Mtoto asipojibiwa darasani hujibiwa na simu. Huko anakuta video inayosema Amin alikuwa shujaa wa Afrika aliyeonewa, na Tanzania ndiyo iliyoanza vita. Akiendelea kidogo anakuta nyingine inayomfundisha kumchukia kila Mganda. Zote zina picha za kweli, sauti nzito na muziki wa kusisimua. Nimewahi kuletewa video kama hizo mezani na wanafunzi wanaotaka tu kujua ipi ni ya kweli. Mtoto wa namna hiyo ana akili nzuri, na anastahili jibu la mtu aliyeandaliwa kulitoa.

Jibu haliwezi kuanzia Oktoba 1978. Tukianzia pale majeshi ya Uganda yanapovuka mpaka, Amin anaonekana kama radi iliyopiga bila wingu. Kisa kilianza miaka saba kabla. Januari 25, 1971, Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda, ambaye wakati huo alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kuitambua serikali ile na akampa Obote hifadhi nchini. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda wakitokea katika ardhi ya Tanzania, wakashindwa vibaya, na Amin akalipiza kwa kupeleka ndege kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata pande mbili zilikubaliana mjini Mogadishu, Rais Siad Barre wa Somalia akiwa msuluhishi, kwamba majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani na kila mmoja aache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake.

Mtoto wa Kitanzania ana haki ya kujua kwamba nchi yake iliwahi kuwa kituo cha watu waliojaribu kuiangusha serikali ya jirani kwa bunduki. Akilijua hilo hatamwona Amin kuwa hana hatia, kwa sababu ataambiwa pia utawala ule ulivyokuwa ukiua watu wake wenyewe, na ataelewa kwa nini wakimbizi wa Uganda walitafuta silaha. Uvamizi wa 1978 unabaki kuwa uvamizi. Kinachobadilika ni kwamba siku akikutana na ile video inayosema "Tanzania ndiyo iliyoanza", atajua inazungumzia nini na inaficha nini. Hatapigwa na butwaa.

Hata sababu ya uvamizi wenyewe, waliotafiti hawajaafikiana. Mwaka 1978 jeshi la Amin lilikuwa limepasuka. Makamu wake, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya kwenye ajali ya gari, askari waliomuunga mkono wakanung'unika, na baadhi ya vikosi vikaasi. Wapo wanaoeleza kwamba Amin alipanga vita ili kuwapa askari adui wa nje. Wapo wanaoeleza kwamba mapigano yalivuka mpaka kwa kufukuzana na waasi, kisha Amin akayachukua na kuyafanya yake. Kwa nini tumfiche mtoto wa kidato cha nne kwamba jambo hilo bado linachunguzwa? Mwanafunzi wa sayansi tunamruhusu ajue kwamba yapo maswali yasiyo na majibu bado. Wa Historia tunampa orodha ya sababu zilizokwisha pangwa.

Naomba nikae kidogo kwenye uvamizi wenyewe, kwa sababu hapa ndipo nyumbani na hapa ndipo kitabu kinapopita mbio kuliko mahali pengine. Mpaka wetu na Uganda upande wa magharibi mwa ziwa ni mstari ulionyooka, digrii moja kusini mwa Ikweta, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Mto Kagera uko kusini ya mstari huo. Kati ya mstari na mto kuna ardhi ya takriban kilomita za mraba 1,800, na ndiyo ambayo Amin alitangaza Novemba 1, 1978 kwamba sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Kiwanda cha sukari kiliporwa na kuharibiwa, mifugo ikaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, na watu wakauawa mashambani na majumbani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia wapatao 1,500. Majina yao hayafundishwi popote. Magofu ya kanisa pale Kyaka wanafunzi huyaona wakipita na basi, na wengi hawajawahi kuambiwa rasmi yalitokana na nini.

Niliwahi kumwalika darasani mzee mmoja aliyekuwa mgambo. Alikuja na fimbo yake na koti ambalo bila shaka alilitoa sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Hakutaka kiti. Alichukua chaki, akachora mto ubaoni kwa mstari mmoja uliojipinda, akaweka daraja, kisha akalifuta kwa kiganja na kubaki ameuangalia mkono wake wenye vumbi la chaki. Akasema, "Basi. Sisi tuko huku, mama zetu wako kule." Darasa zima lilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha wafundisha tarehe ya kuvunjwa kwa daraja lile. Ni yeye aliyewafanya waelewe lilimaanisha nini kwa aliyebaki ng'ambo.

Kisha msichana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Shikamoo babu. Mlipofika Masaka, watoto walikuwepo?"

Mzee alichukua muda kabla ya kujibu. "Wengi walikuwa wamekimbia, mjukuu wangu," alisema. "Si wote."

Hakueleza zaidi na sikumlazimisha. Lakini swali lile lilikuwa la kihistoria kuliko maswali mengi niliyowahi kuyaona kwenye karatasi ya mtihani, na nilijua kwamba kesho yake ningerudi darasani bila kitu chochote kilichoidhinishwa cha kuliendeleza.

Tunajua yaliyotokea. Januari 1979 jeshi letu liliuteka mji wa Mutukula upande wa Uganda na kuusawazisha na ardhi, na raia waliuawa. Yalikuwa machungu ya askari waliokuwa wamepita katika vijiji vya Kagera na kuona maiti za ndugu zao. Nyerere alipopata habari alishtuka, akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Februari tulichukua Masaka na Mbarara, na miji hiyo miwili nayo ilibomolewa kwa milipuko kulipiza ya Kagera. Mzee yeyote wa Masaka ataieleza. Wanafunzi wa Uganda wanaishi kati ya kumbukumbu hizo, kama wanafunzi wangu wanavyoishi na magofu ya Kyaka.

Najua sehemu hii ndiyo itakayowatia wasiwasi. Baadhi ya wenzangu wameniambia waziwazi kwamba kuifundisha ni kulivunjia heshima jeshi, na kwamba mashujaa waliozikwa Kaboya hawastahili hivyo. Nawaheshimu kwa uchungu huo. Nimesimama Kaboya mbele ya mnara mweupe wenye majina, na sitaandika neno la kuwadharau watu wale. Lakini ndani ya habari hiihii ya Mutukula kuna jambo ambalo nchi yoyote ingeona fahari kulifundisha: amiri jeshi mkuu, katikati ya vita vya haki, akiwa na wananchi wote nyuma yake, alisikia askari wake wamewaumiza raia wa adui na akasema hapana. Agizo lile halina maana kwa mtoto ambaye hajaambiwa lilitokana na nini. Tukiificha Mutukula tunalificha na agizo.

Kuna pia jambo la usalama wa nchi, na nalisema kwa uzito. Vijana hawa wengine watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine watavaa sare. Kijana aliyewahi kukaa darasani akajadili, kwa utulivu na mbele ya mwalimu, kwa nini askari mwenye hasira hubomoa mji wa watu ambao hawakumkosea, atakuwa na kitu kichwani siku akikabidhiwa silaha.

Sasa nirudi kwenye lile swali la Kampala, kwa sababu ndilo swali kubwa na ndilo tajiri kuliko yote. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa ukiwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwaka uliofuata, mjini Cairo, viongozi wa Afrika walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na aliyelitoa pendekezo hilo ni Julius Nyerere. Miaka kumi na mitano baadaye jeshi la Nyerere lilivuka mpaka ule, likapigana Lukaya na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin, na Aprili 11, 1979 likawa ndani ya Kampala. Mapigano hayakuisha mpaka Juni 3, jeshi letu lilipofika mpaka wa Uganda na Sudan.

Je, alijipinga mwenyewe? Mpe mwanafunzi swali hilo na dakika arobaini, uone. Mmoja atasema Amin angeachwa angerudi, maana umoja ule wa Afrika ulikataa hata kumlaani kwa kuteka ardhi ya mwanachama mwenzake. Mwingine atauliza kama kila jirani mwenye hofu anaruhusiwa kwenda hadi ikulu ya mwenzake. Wa tatu atakumbusha kwamba Machi 1979 Waganda wenyewe walikutana Moshi wakaunda chombo cha kushika nchi, na atauliza kama mkutano uliofanyika ndani ya Tanzania, chini ya ulinzi wa Tanzania, unaweza kuitwa wao wenyewe. Hayo si maswali ya kupuuza. Julai mwaka huo, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi mjini Monrovia, Numeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania mbele ya Nyerere, na Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, akamtetea, akiwasihi viongozi wasijifiche nyuma ya kanuni ya kutoingilia wakati watu wanauawa. Mjadala ambao marais walishindwa kuumaliza tunaweza kuwaamini vijana wa miaka kumi na saba kuuanza.

Nao haujafa. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, Afrika ilibadili msimamo. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa mwaka 2000, kifungu cha 4(h), inaupa umoja haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama kunapokuwa na uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Lakini haki hiyo ni ya umoja, kwa uamuzi wa pamoja, si ya nchi moja kuamua peke yake. Hapo mwanafunzi anaweza kuiweka Tanzania ya 1979 kwenye mizani ya leo na kuona inaelemea wapi. Sijui somo jingine katika mtaala wetu linalomtoa mtoto kijijini kwake, likampitisha Cairo, Kampala, Monrovia na Kigali, na kumrudisha akiwa na la kusema.

Yaliyofuata baada ya ushindi nayo yameachwa. Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, alikaa madarakani chini ya siku 70. Binaisa akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulimrudisha Obote huku wapinzani wakilia kwamba wameibiwa kura, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Majeshi yetu yaliondoka mwaka huo, na Luwero, kaskazini ya Kampala, ikawa uwanja wa mauaji kwa miaka kadhaa. Waganda walikuwa wamewapokea askari wetu kwa shangwe na kuwaita wakombozi. Je, ukombozi huishia pale dikteta anapokimbia? Mwanafunzi akilifikiria hilo vizuri ataelewa nusu ya habari za dunia anazozisikia redioni.

Na gharama. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 500, kwa nchi iliyokuwa maskini na ambayo ilikuwa imetoka kuona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika mwaka 1977. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Wazazi wetu walifunga kwa miaka. Vijana husikia hadithi za foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa kama vichekesho vya wazee, hawajui kwamba zina uhusiano na mto walioambiwa habari zake. Hapa napo mwalimu mwaminifu atasema kwamba wachumi hawakubaliani: bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka kutoka kilele cha mwaka 1977, na sera zetu wenyewe zilikuwa na matatizo yake. Vita vilibeba mzigo kiasi gani? Wapeni vijana takwimu za biashara ya nje za miaka ile na muwaache wagombane.

Nakuja kwa Baraza la Mitihani, kwa sababu walimu tunafundisha kile kinachopimwa, na hakuna waraka utakaobadili hilo. Swali linalosema "Eleza sababu sita za Vita vya Kagera" linamzoesha mtoto kuamini kwamba sababu za vita huja zikiwa zimehesabiwa na zenye uzito sawa. Mwenye sita anapata zote. Aliyeandika mbili akazichambua kwa kina anafeli. Weka mbele ya mtahiniwa kipande cha hotuba ya Nyerere ya Novemba 2, 1978, tangazo la Amin la siku moja kabla, na hoja zilizotolewa Monrovia. Muulize: kwa kutumia nyaraka hizi na unayoyajua, Tanzania ilikuwa na haki ya kuendelea hadi Kampala? Msahihishaji asiangalie amekubali au amekataa. Aangalie ametumia ushahidi gani, ameusoma sawasawa, na ameijibu hoja iliyo kinyume na yake au ameiruka. Najua ugumu wa kusahihisha majibu ya aina hiyo kwa maelfu ya vitabu. Anzeni na swali moja tu, kidato cha sita, ambako mtahiniwa tayari huandika insha. Walimu watabadilika wenyewe muhula unaofuata.

Kwa Taasisi ya Elimu, nafasi mnayo. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili mmekwisha lianzisha, na linafundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaweza kubishana nayo bila kutafuta maneno. Kinachokosekana ni nyaraka. Hotuba zipo kwenye hifadhi ya sauti ya taifa. Magazeti ya wakati ule yapo maktaba. Upande wa pili wa mpaka kuna taasisi ya mitaala ya Kampala na walimu wa Historia wa Masaka na Mbarara ambao wana swali letu hilihili wakiwa upande wa waliobomolewa. Andikeni nao hata kijitabu kimoja chembamba, chenye ushuhuda wa Kyaka na ushuhuda wa Masaka kurasa zikielekeana. Wanaohofia kwamba jambo hili litaharibu ujirani mwema nawaomba waje Mutukula siku ya kawaida, waone malori yalivyopanga foleni na watu wanavyovuka kwenda kuuza, kuoa na kuzika. Ujirani huo una nguvu ya kubeba ukweli.

Ombi langu kwa Mheshimiwa Waziri ni la ulinzi. Mwalimu akifundisha Mutukula leo, hana karatasi yoyote ya kumtetea endapo mzazi au kiongozi wa eneo atalalamika kwamba anachafua historia ya nchi. Nimeona mwalimu akiitwa ofisini kwa sababu ya swali lililoulizwa na mwanafunzi, si yeye. Aliporudi alifundisha tarehe tu mpaka mwisho wa mwaka. Waraka mmoja unaosema kwamba kujadili sehemu zenye utata za historia yetu ni sehemu ya somo, na kwamba mwalimu analindwa akifanya hivyo kwa ushahidi na kwa heshima, ungewafungua mdomo walimu wengi. Mwalimu naye anapaswa kujua mipaka yake. Simtetei anayegeuza kipindi kuwa jukwaa la siasa zake, wala anayemlazimisha mtoto aliyefiwa kueleza msiba wa ukoo wake mbele ya darasa. Hayo yaandikwe humohumo kwenye waraka. Na watoto wa shule ya msingi wasipewe yote. Wao inatosha wajue nani alivamia, watu waliishije na walirudije nyumbani.

Muda ndio unaonitia haraka. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati daraja linavunjwa leo anakaribia sabini. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na vyombo vya habari vilimwombolezea inavyostahili. Mgambo wa vijijini, wanawake waliopika chini ya migomba wakiwa wamejificha, watoto waliotembea usiku kuelekea kusini, wao wanaondoka bila kurekodiwa. Mzee wa chaki hakuweza kuja mwaka huu, miguu imekataa. Nilikwenda kwake na wanafunzi wachache, tukakaa uani, nikamrekodi kwa simu yangu mpaka chaji ikaisha. Rekodi hiyo iko kwangu, na haipaswi kukaa kwa mwalimu mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yaanze bila kusubiri mapitio ya mtaala. Taasisi itume watu wenye vinasa sauti Missenyi na Muleba kabla ya mvua za vuli, na wapite pia kwa familia za askari waliotoka mikoa mingine. Baraza litangaze kwamba swali la nyaraka litajaribiwa kwenye mtihani wa utimilifu wa mkoa mmoja. Nina hakika walimu wa Historia wa Kagera tutakubali uwe wa kwetu, na tutasahihisha wenyewe mbele ya wataalamu wenu. Wazee ambao wako tayari kuzungumza tumekwisha waorodhesha kwa ridhaa yao, na orodha ipo kwa ajili ya ofisi yoyote kati ya zenu itakayoiomba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Kagera